Mshauri wa usimamizi hushinda akifanya nini?

WAKENYA wengi wamewahi kuhisi makali ya kazi ya mshauri wa usimamizi bila kumtia machoni mshauri mwenyewe. Shirika hutangaza kuwa linafanyiwa mageuzi, idara mbili huunganishwa kuwa moja, wafanyakazi kadhaa hukabidhiwa barua za kuachishwa kazi, na katika taarifa inayotumwa kwa vyombo vya habari huwemo sentensi moja inayosema kwamba hatua hiyo imechukuliwa kufuatia mapendekezo ya wataalamu. Wataalamu hao ni akina nani, na hushinda kutwa wakifanya nini, ni jambo ambalo taarifa hizo huwa hazielezi.

Mitaani wanajulikana kama makonsaltanti. Huajiriwa kwa muda na kampuni, wizara, serikali za kaunti, vyama vya ushirika, makanisa na mashirika yasiyo ya kiserikali ili wachunguze jinsi kazi inavyoendeshwa na wapendekeze namna ya kuiboresha. Baadhi yao hufanya kazi katika kampuni kubwa za kimataifa zilizo na ofisi jijini Nairobi, mathalan McKinsey, Deloitte, PwC, KPMG na EY. Wengine ni watu wawili watatu waliokodi chumba kimoja mtaani, au mhadhiri wa chuo kikuu anayefanya kazi hiyo wakati wa likizo, au meneja aliyestaafu ambaye bado ana nguvu na marafiki.

Kuna mzaha wa miaka mingi kwamba mshauri ni mtu anayeazima saa yako ya mkononi, akakuambia ni saa ngapi, kisha akakudai malipo na kwenda zake na saa. Washauri wenyewe huusimulia wakicheka. Una ukweli mwingi kuliko unavyodhaniwa.

Kazi hii haikuanza jana. Nchini Marekani, mwanakemia Arthur D. Little alianzisha mwaka wa 1886 kampuni ambayo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kuviuzia viwanda ushauri. Baadaye mhandisi Frederick Taylor na wasaidizi wake waliwachunguza wapakiaji vyuma wa kiwanda cha Bethlehem Steel, wakiwapima kwa saa. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1911, Taylor alidai kuwa mfanyakazi aliyekuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku aliweza kupakia tani 47 baada ya kazi yake kupangwa upya, huku ujira wake ukipanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Msomaji mwepesi wa hesabu ataona mara moja kwamba kazi iliongezeka karibu mara nne ilhali ujira haukufika hata mara mbili. Shaka inayowaingia wafanyakazi wanapomwona mgeni mwenye kalamu na daftari ina umri wa zaidi ya karne moja.

Kisa cha James McKinsey nacho ni cha kukumbukwa. Profesa huyo wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago alianzisha kampuni yenye jina lake mwaka wa 1926. Baada ya kampuni hiyo kuichunguza Marshall Field, biashara kubwa ya maduka mjini Chicago, McKinsey aliombwa mwaka wa 1935 aiongoze yeye mwenyewe. Akatekeleza aliyoyapendekeza, akafunga vitengo, akawafuta kazi mamia ya watu na kuchukiwa na wengi. Mwaka wa 1937 alifariki kwa nimonia. Tangu hapo, ni kana kwamba washauri waliona heri kupendekeza na kumwachia mwingine mzigo wa kutekeleza.

Hapa nchini, milango ya kazi hii ilipanuka sana serikali ilipoanza kudai matokeo yanayopimika. Mwaka wa 2004 mashirika 16 ya umma yaliingia katika mpango wa kandarasi za utendakazi, na mpango huo ukasambaa hadi kwenye wizara na idara nyingine. Ruwaza ya Maendeleo ya 2030, iliyozinduliwa mwaka wa 2008, iliandaliwa kwa usaidizi wa kampuni ya McKinsey. Serikali 47 za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, kila moja ilitakiwa kisheria kuwa na mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano, na si haba washauri waliopata riziki kwa kuiandika mipango hiyo. Baadhi ya mipango hiyo ilifanana mno, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Ili kuelewa siku ya mshauri inavyokwenda, chukua mfano ufuatao. Si wa chama chochote mahususi, na takwimu zake ni za kukisia tu, ila mambo yaliyomo ni ya kawaida katika kazi hii.

Chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika Kaunti ya Nyandarua kimemwajiri mshauri kwa siku 30 za kazi. Wanachama wanalalamikia malipo duni. Halmashauri ya chama inaamini kuwa chanzo ni mishahara. Wafanyakazi ni 60, na hadidu za rejea ambazo mshauri ametia saini zinamtaka aeleze "idadi ifaayo ya wafanyakazi". Maneno hayo yana uzito. Aliyeyaandika tayari ana jibu lake moyoni. Anachotafuta ni sahihi ya mtu kutoka nje.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mshauri ameketi kando ya dereva wa lori la maziwa. Hana suti wala tai. Amevaa sweta, koti zito na gambuti, kwa maana baridi ya Kinangop haina simile. Usiku amelala kwenye gesti mjini, na jana yake alishinda akipekua vitabu vya hesabu.

Vitabu ndivyo vilivyompeleka kwenye lori. Vinaonyesha kwamba kati ya lita 20,000 zinazokusanywa kila siku, lita 1,200 hukataliwa kiwandani kwa sababu zimechacha. Vinasema ni kiasi gani kinachopotea na ni pesa ngapi zinazokwenda nacho. Havisemi kinapotelea wapi.

Katika kituo cha kwanza wafugaji wamekwisha kupanga foleni, huyu na mtungi mgongoni, yule na mitungi minne juu ya punda, mwingine amefika kwa bodaboda. Karani anayapima maziwa kwa spiriti kuona kama yameanza kuharibika, anatumbukiza kipimo cha kuonyesha kama yametiwa maji, kisha anayapima uzani na kuandika. Mshauri haulizi kitu. Anaandika saa lori lilipofika, saa lilipoondoka, idadi ya mitungi iliyokataliwa na muda ambao lori lilisimama likimsubiri mfugaji mmoja aliyechelewa. Afanya hivyo katika kituo cha pili, cha tatu, hadi cha saba kilicho juu kabisa karibu na msitu. Mtu anayempita barabarani angedhani ni utingo.

Sehemu kubwa ya kazi ya ushauri huwa ni hii, kutazama na kuhesabu bila haraka. Wanaohitimu vyuoni wakidhani wataingia moja kwa moja kwenye vyumba vya mikutano vyenye viyoyozi huishia kuhesabu magunia ghalani, wagonjwa kwenye foleni ya hospitali, au faili zilizokaa mezani bila kutiwa sahihi. Mshauri asiyetaka kuhesabu hana budi kubahatisha, na mteja hachelewi kumgundua.

Kituo cha saba kinapomalizika, saa tatu kasorobo, lori linageuza kurudi mjini na ndipo mshauri anapouliza swali lake la kwanza la maana.

"Mzee, kama ungekuwa wewe unayeipanga safari hii, ungeanzia wapi?"

Dereva anacheka. Angeanzia juu. Lori lingepanda likiwa tupu, likakusanye maziwa likiteremka. Jinsi mambo yalivyo, maziwa ya kituo cha kwanza huingia kwenye mitungi ya lori mapema, yakapanda hadi msituni na kurudi, saa tatu na zaidi juani na kwenye mashimo, kabla ya kufika kwenye tangi la kupozea. Maziwa hayana subira. Yasipoteremshwa upesi hadi nyuzi nne hivi za Selsiasi, bakteria huzaana na yakachacha. Dereva amelijua hilo kwa miaka minane.

Mbona hakuwahi kusema?

"Nimwambie nani?"

Hapo ndipo mzaha wa saa ya mkononi unapopata maana yake. Jibu lilikuwa mkononi mwa mwenye chama tangu zamani, ila mwenye chama hakuwa na desturi ya kulitazama. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na faida kuu ya mgeni huyu ni kwamba anaruhusiwa kuuliza maswali ambayo mwenyeji angeona haya kuyauliza.

Saa nne, ofisini. Sasa ni zamu ya mahojiano na wafanyakazi, mmoja baada ya mwingine, mlango ukiwa umefungwa na meneja akiwa mbali. Mshauri mwenye uzoefu haanzi kwa kuuliza, "Kazi yako ni ipi?" kwa kuwa jibu lake limeandikwa katika barua ya ajira na mara nyingi limepitwa na wakati. Huuliza, "Jana ulipofika asubuhi, ulianza na nini?" Akishajibiwa huuliza, "Halafu?" Kutokana na "halafu" kumi hivi, picha ya kazi halisi hujitokeza.

Wafanyakazi hawa wanajua kilichomleta. Habari za hadidu za rejea zilivuja kabla hajafika. Wapo wanaoikuza kazi yao hadi mtu akashangaa wanalala saa ngapi. Wapo wanaonyamaza. Wapo wanaotumia fursa hiyo kumchongea mwenzao. Mama mmoja wa idara ya uhasibu, aliyekitumikia chama kwa miaka 19, anaeleza kila kitu kwa utaratibu, kisha mwishoni anauliza kile ambacho wote wamekuja nacho moyoni: jina lake limo?

Swali hilo halifundishwi vyuoni ipasavyo. Mshauri hawezi kumwahidi kuwa halimo, maana uamuzi si wake. Kumwambia asiwe na wasiwasi ni kumdanganya. Anachoweza kusema kwa haki ni kwamba hakuna orodha ya majina, kwamba majibu ya mahojiano hayataandikwa kwa jina la mtu, na kwamba lolote litakaloamuliwa litapitia kwenye sheria. Mama huyo anaitikia kwa kichwa na kutoka. Hapana shaka hakutulizwa na maneno hayo, lakini hakudanganywa.

Chakula cha mchana ni pamoja na mwenyekiti wa chama, kwenye hoteli iliyo mkabala na ofisi. Ni nyama choma, ugali na mazungumzo ya mbali na kazi hadi chai inapoletwa. Ndipo mshauri anapoulizia, kama kwa bahati tu, ni nani aliyeipanga ratiba ya lori. Mwenyekiti anaeleza kwamba iliamuliwa zamani. Kituo cha kwanza kiko karibu na kwa mmoja wa wanachama wa halmashauri, na mzee huyo hupendelea maziwa yake yachukuliwe mapema ili vijana wake waende shambani. Halafu anaongeza kwa upole, "Daktari, hayo ya lori ni mambo madogo. Sisi tulikuita utuambie watu wangapi waende."

Mshauri anakunywa chai yake. Si mahali pa kubishana, wala hana bado karatasi ya kubishania.

Karatasi hiyo huandaliwa alasiri. Katika chumba alichopewa, kilichokuwa stoo ya chakula cha mifugo na bado kinanukia hivyo, anafungua kompyuta na kuunda jedwali. Hesabu zenyewe si ngumu. Lita 1,200 zinazokataliwa, kila lita ikiwa Sh50, ni Sh60,000 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni Sh1.8 milioni. Halmashauri inafikiria kuwaachisha kazi watu 20, ambao kila mmoja hulipwa Sh25,000 kwa mwezi. Akiba itakayopatikana ni Sh500,000. Kwa maneno mengine, maziwa yanayochachia kwenye lori yanakigharimu chama zaidi ya mara tatu ya mishahara ya watu wanaotakiwa kwenda.

Kuwaachisha hao 20 nako si bure. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu za kibiashara atoe ilani ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba, na amlipe kila anayeondoka ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Siku 15 zikikadiriwa kuwa nusu ya mshahara wa mwezi, mtu wa miaka 10 atalipwa Sh125,000. Watu 20 wa aina hiyo ni Sh2.5 milioni, nazo ni akiba ya miezi mitano. Isitoshe, sheria inamtaka mwajiri atumie vigezo kama vile muda wa utumishi, ustadi, uwezo na uaminifu katika kuchagua wa kuondoka. Hawezi kuamka tu na kuwataja asiowapenda. Waajiri waliopuuza hayo wamejikuta mbele ya Mahakama ya Ajira na Leba wakilipa fidia.

Si kwamba kupunguza wafanyakazi ni kosa wakati wote. Kuna mashirika yaliyojaza jamaa na marafiki hadi mishahara ikameza kila kitu, na mshauri anayeliona hilo akanyamaza huwa anawakosea wanachama wanaosubiri malipo ya maziwa yao. Hata hivyo, dawa hii hupendwa kuliko inavyotibu. Kampuni ya ndege ya Kenya Airways ilipata hasara ya Sh25.7 bilioni katika mwaka wa kifedha uliokamilika Machi 2015, ikaajiri McKinsey kusaidia katika mpango wa kuikwamua, na mwaka wa 2016 ikatangaza kwamba ingepunguza wafanyakazi wapatao 600. Madeni ya ununuzi wa ndege hayakuondoka pamoja na wafanyakazi hao. Ilimlazimu msafiri kusubiri hadi matokeo ya mwaka wa 2024 ndipo asikie tena habari za faida ya mwaka mzima, Sh5.4 bilioni.

Saa kumi na moja jioni mshauri yuko barabarani kurejea Nairobi, na safari hiyo si ya kupumzika. Anapigiwa simu na mteja mwingine anayetaka kujua mbona rasimu yake haijafika. Mshirika wake naye anamjulisha kuwa zabuni ya kaunti fulani inafungwa kesho saa nne asubuhi, na cheti cha kulipa ushuru kilichoambatishwa kimepitwa na wakati. Kwa kazi za umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015 ndiyo inayoongoza. Kwa kawaida pendekezo la kiufundi huwekwa katika bahasha yake na la bei katika nyingine, na ya bei hufunguliwa tu ikiwa la kwanza limepita. Pendekezo zuri linaweza kutupwa nje kwa kukosa ukurasa mmoja uliogongwa muhuri. Washauri wadogo hutumia siku nyingi, zisizolipwa na mtu, kuandaa mapendekezo ambayo hayatafaulu.

Kuhusu malipo, wengi hudhani mshauri huondoka na kitita. Ada hukisiwa kwa siku za kazi na kulipwa kwa awamu, kwa mfano ripoti ya awali ikikubaliwa, rasimu ikiwasilishwa, na ripoti ya mwisho ikipokelewa. Juu ya ankara huongezwa ushuru wa VAT wa asilimia 16 ambao si wake, na kutoka kwa ada mteja huzuia asilimia 5 na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA). Kinachobaki hulipwa mteja anapopenda. Wanaoidai serikali kuu na za kaunti ndio wanaojua maana halisi ya bili ambazo hazijalipwa.

Usiku, baada ya chakula na watoto kulala, ndipo inapokuja saa ngumu kuliko zote. Mshauri anaandika.

Jedwali liko tayari, slaidi zinataka maneno tu. Na maneno ndiyo yenye kazi. Akiandika kwamba mjumbe mmoja wa halmashauri amekigharimu chama mamilioni ya pesa kwa starehe yake, atakuwa amesema kweli na ripoti itatupwa. Akiandika kwamba "kuna changamoto za uchukuzi", hatakuwa amesema kitu, na mama yule wa uhasibu ataondoka pamoja na wengine 19. Anaandika, anafuta, anaandika tena: "Lori likianza kukusanya kutoka kituo cha saba, maziwa ya kituo cha kwanza yatakaa njiani kwa muda usiofika hata saa moja badala ya saa tatu. Badiliko hili halihitaji fedha. Kwa hesabu za sasa, hasara inayotokana na maziwa kukataliwa ni Sh1.8 milioni kwa mwezi." Hakuna jina la mtu. Kila mwenye kusoma atajua.

Kishawishi nacho kipo, na itakuwa unafiki kukificha. Mwenyekiti ana uwezo wa kumwita tena mwakani, au kumtaja kwa vyama jirani. Kuongeza sentensi moja tu, kwamba wafanyakazi wanaweza kupunguzwa kwa thuluthi moja, kungemfurahisha anayelipa. Mambo ya aina hii hayaishii vijijini. Mwaka wa 2000 kampuni ya Arthur Andersen ililipwa na Enron dola 25 milioni kwa kukagua hesabu na dola 27 milioni kwa ushauri na huduma nyingine. Enron iliporomoka mwishoni mwa mwaka wa 2001 kwa hesabu za uongo, na Andersen nayo haikupona. Nchini Afrika Kusini, McKinsey ilirudisha takriban randi bilioni moja kwa shirika la umeme la Eskom mwaka wa 2018 baada ya kandarasi yake kuzua kashfa, na Desemba 2024 ikakubali kulipa zaidi ya dola 122 milioni kumaliza kesi ya hongo iliyohusu kazi zake nchini humo kati ya 2012 na 2016.

Siku hizi kuna kishawishi kingine, nacho ni cha uvivu. Programu za akili unde zinaweza kuandika ripoti ya kurasa 100 kabla chai haijapoa. Mwaka wa 2025 tawi la Deloitte nchini Australia lilikubali kurudishia serikali sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu dola 440,000 za nchi hiyo, baada ya kubainika kuwa ilikuwa na marejeo ya vitabu na makala zisizokuwapo na kwamba akili unde ilitumika katika kuiandaa. Programu hiyo ingeweza kumwandikia mshauri wa Nyandarua kurasa nzuri kuhusu uchukuzi wa maziwa. Isingeweza kuketi kando ya dereva saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Saa tano na nusu usiku, rasimu inatumwa kwa mwenyekiti kwa barua pepe, siku mbili kabla ya kikao cha halmashauri. Huo ni utaratibu wa kawaida na ni wa heshima pia, kwani mzee hapaswi kushtukizwa mbele ya wenzake. Kuhusu idadi ya wafanyakazi, rasimu inasema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwaachisha kazi 20, ila nafasi tatu zilizo wazi zisijazwe, na watu wawili wa stoo wahamishiwe vituoni kusaidia kupima maziwa asubuhi.

Jibu linaingia kabla ya mapambazuko, maana mwenyekiti ni mfugaji na huamka mapema. Ni fupi. Anashukuru kwa kazi nzuri na anaomba ukurasa wa saba, ule wa lori, uondolewe.

Mshauri anaweza kuupeleka ukurasa huo kwenye kiambatisho. Anaweza kubadilisha lugha, akaita "ratiba" alichokiita "uamuzi". Akiuondoa, hesabu zote zinazofuata zitakosa mguu wa kusimamia, na jina lililo chini ya ripoti ni lake. Anavaa koti, anaandika kwamba ukurasa wa saba utabaki, na kwamba yuko tayari kumpigia mwenyekiti simu saa mbili asubuhi ili waupitie pamoja, neno kwa neno.